Tangi Lisilojaa: Uongo Uliotoka Ufaransa Ukazikwa Nyuma ya Ploti Yetu

Kuna sentensi moja ambayo kila mpangaji wa Kenya ameisikia. Unauliza tangi la choo lilinyonywa lini mara ya mwisho, na landilodi, au keateka anayeongea kwa niaba yake, anakujibu bila hata kukuangalia: "Hilo halijai. Lilijengwa vizuri." Wengine huongeza na miaka juu, kama sifa. "Tangu 2009 halijawahi kunyonywa." Anasema hivyo kwa fahari, venye mtu husema gari lake halijawahi kuingia gereji.

Nimejiuliza sana hii imani ilitoka wapi. Si uongo wa kawaida, ule wa "nitakutumia jioni". Landilodi wetu si mjinga, amejenga ploti tatu Kitengela kwa jasho lake, na nikimwangalia usoni naona anaamini kabisa anachosema. Basi nikaanza kufuatilia. Kumbe hii imani ni ya zamani kuliko mji wa Nairobi wenyewe. Ina mtu aliyeianzisha, ina mji ilikozaliwa, na ina hadi hati ya uvumbuzi.

Mji unaitwa Vesoul, uko mashariki mwa Ufaransa. Zamani zile nyumba za mijini Ufaransa zilikuwa na mashimo ya kinyesi chini yake, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuyachota usiku. Kazi chafu, ghali, na harufu yake mtaa mzima unaamka nayo. Karibu mwaka 1860 jamaa mmoja, Jean-Louis Mouras, akajenga tangi la mawe lililofungwa kabisa ili lipokee uchafu wa nyumba. Akafanya kitu kimoja cha akili: bomba la kuingiza na bomba la kutoa yote mawili yakawa yanazama chini ya uso wa maji yaliyo ndani. Shika hiyo, tutairudia. Miaka zaidi ya 10 baadaye tangi likafunguliwa. Walitarajia kukuta limejaa kinyesi. Wakakuta karibu maji matupu, na vitu vigumu kidogo sana.

Mwaka 1881 Mouras akapewa hati ya uvumbuzi wake, na padri mmoja aliyekuwa mwandishi wa sayansi, Abbé Moigno, akaupigia debe. Habari ikauzwa hivi: hapa kuna tangi linalojisafisha lenyewe. Hakuna kuchota, hakuna mtu wa usiku. Nani angekataa? Hata mimi ningenunua.

Lakini soma tena kwa makini. Alikuta vitu vigumu kidogo. Kidogo si sufuri. Na lile lilikuwa tangi la nyumba, si la ghorofa tano za wapangaji wenye pempasi na mafuta ya chapati. Hayo mambo mawili ndiyo yaliyopotea njiani. Kilichofika mpaka Kitengela ni lile neno tamu tu: halijai.

Sasa, kwa nini linaonekana halijai? Uchafu ukiingia tangini, vile vizito vinazama chini vinakuwa tope. Mafuta na sabuni vinaelea juu vinakuwa ganda. Katikati yanabaki maji, na hayo ndiyo yanayotoka upande wa pili. Chini kule kwenye tope kuna bakteria wanaoishi bila hewa, na wao wanakula. Wanageuza sehemu kubwa ya ule uchafu kuwa gesi na maji. Ndiyo maana Mouras alishangaa. Lakini mchanga hawali, nywele hawali, plastiki hawali, na hata ule uchafu wenyewe hawaumalizi wote. Kila mwaka kinabaki kitu. Tope linapanda polepole kutoka chini, ganda linanenepa kutoka juu, na ile nafasi ya maji katikati inabanwa kama abiria wa katikati kwenye kiti cha matatu.

Jina lenyewe lilikuja 1895, Exeter, Uingereza. Mpimaji wa mji ule, Donald Cameron, alijenga tangi la aina hii kwa ajili ya maji taka ya mtaa na akaliita la septiki, neno lenye mzizi wa Kigiriki unaohusu kuoza. Gesi iliyotoka waliichoma kwa taa palepale kwenye mtambo. Hapo ndipo watu husema "wow" na kuendelea na maisha. Mimi kilichonishika ni kingine: Cameron hakudhani maji yanayotoka tangini ni safi. Aliyapeleka kwenye machujio. Yaani tangu siku ya kwanza lilipopewa jina, tangi lilikuwa nusu ya mtambo. Nusu nyingine iko nje ya tangi, na kwa nyumba ya kawaida nusu hiyo ni ardhi. Maji machafu yanaingia kwenye shimo la kufyonza, lile mafundi wetu huita sokpiti, na udongo ndio unaomaliza kazi.

Hiyo nusu ya pili ndiyo historia ya Kenya ilipoharibikia.

Kabla ya kuendelea, wacha niondoe hii dhana kwamba kabla ya mzungu hatukuwa na vyoo. Nenda Gede, pale Kilifi, magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17. Utaonyeshwa vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe. Lamu, nyumba za kale zilikuwa na choo chake na birika la maji pembeni, na kwenye birika wanawekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Watu walifikiria haya mambo. Ila Pwani pia ilikuwa na shida yake, kwa sababu jiwe la matumbawe hupitisha maji haraka, na kisima kikiwa karibu na shimo la choo, ni kama vinaongea. Mpaka leo sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la maji taka, inategemea matangi na mashimo kwenye jiwe hilohilo.

Nairobi ni hadithi nyingine. Reli ilifika 1899 kwenye uwanda wenye majimaji, mji ukaota bila mpango, na 1902 tauni ikaingia wakachoma Bazaa la Wahindi. 1913 wakaleta daktari, Profesa William Simpson, aangalie afya ya mji. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kugawa makazi kwa rangi. Na ndivyo mji ulivyojengeka: Wazungu juu kwenye vilima vyenye udongo mwekundu mzuri, Muthaiga na kwingineko, nyumba moja katikati ya kiwanja kikubwa, Waafrika chini mashariki, Pumwani miaka ya 1920, kwa vyoo vya kushirikiana. Kulikuwa pia na vyoo vya ndoo, na ndoo haijimwagi. Kuna Mwafrika aliyekuwa akiibeba usiku.

Tangi la septiki lilifika hapa kama kifaa cha wale wa vilimani. Na kule lilifanya kazi vizuri sana! Familia moja, watumishi wachache, ekari nzima ya udongo unaokunywa maji. Lilikaa miaka bila kuguswa na hakuna aliyegundua. Kwa hiyo ukiona mtu anasema tangi halijai, jua anarudia uzoefu wa mtu aliyekuwa na ekari.

Sisi tulirithi tangi. Ekari hatukurithi.

Hebu tupige hesabu, na usijali, mimi uhandisi niliuachia muhula wa nne karo ilipokataa, kwa hivyo ni hesabu ya darasa la sita. Chukua tangi la lita 6,000. Familia ya watu 5, kila mtu lita 100 kwa siku, ni lita 500. Maji yanakaa ndani siku 12 kabla ya kutoka. Muda wa kutosha kabisa tope kuzama. Sasa chukua tangi hilohilo, liweke chini ya flati kwenye ploti ya hamsini kwa mia, ambayo ni kama sehemu moja ya nane ya ekari. Nyumba 20, watu 60, lita 80 kila mmoja: lita 4,800. Maji yanakaa siku moja na robo. Na hiyo ni tangi likiwa tupu. Tope na ganda vikishika nusu yake, yanakaa masaa 15. Hapo tangi limekuwa korido tu. Uchafu unaingia huku unatokea kule, mbichi, moja kwa moja hadi kwenye sokpiti.

Na sokpiti yetu iko kwenye udongo gani? Kitengela, Athi River, sehemu kubwa ya Embakasi, ni ule udongo mweusi wa pamba. Kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kupotezea simu. Mvua ikinyesha unavimba, unajifunga, na haunywi tena maji. Masika ya 2024, wakati wa yale mafuriko, watu wengi huku waligundua kwamba choo cha chini kinaweza kurudisha. Ukiflashi ghorofa ya nne, jirani wa chini anapokea.

Kwa hiyo ukiwa na tangi lililosahauliwa, fuata mpangilio huu. Nimejifunza kwa kusimama kando ya fundi mmoja mzee siku mbili nikimsumbua na maswali, na yeye hakuwa na haraka.

Kwanza litafute. Usicheke, ploti nyingi hakuna anayejua liko wapi. Fuata manholi kutoka ukuta wa choo, mstari wake utakupeleka. Mara nyingi utakuta wamemwaga simiti ya parking juu yake. Dalili utakuwa umeziona tayari: maji ya sinki yanashuka kwa kusitasita, choo kinaguguma, kuna kipande cha nyasi kimekuwa kijani kuliko vingine vyote, na ile harufu ya mayai viza jioni.

Ukishalipata, fungua mifuniko yote na uondoke hapo kwa muda. Hakuna sigara, hakuna kiberiti. Kisha chukua mti mrefu, uufunge kitambaa cheupe sehemu ya chini, uushushe hadi sakafu ya tangi ukiwa umesimama nje upande upepo unakotoka. Ukiutoa, sehemu nyeusi ndiyo kimo cha tope. Likifika theluthi moja ya kina cha tangi, ita eksosta. Kwa nyumba ya familia hiyo huwa kila miaka miwili au mitatu hivi. Kwa ploti kama yetu sahau miaka, pima kila baada ya miezi kadhaa. Na uliza eksosta inaenda kumwaga wapi. Kuna zinazopeleka pale panaporuhusiwa na kampuni ya maji, na kuna zinazosubiri giza na mto.

Watu wengi hulipa eksosta, wanafunika, wanaenda. Hapo ndipo pesa inapotea, kwa sababu siku tangi ni tupu ndiyo siku pekee unaweza kuona kilichoharibika. Mulika kwa tochi kutoka juu. Angalia ukuta unaogawa vyumba viwili, kile cha kwanza huwa theluthi mbili ya tangi. Angalia nyufa, kwa sababu tangi linalovuja halijai kweli, linamwaga kinyesi kwenye maji ya chini ya ardhi, na kuna landilodi anayeona hiyo ni baraka. Kama kuna kisima karibu, mita 30 ndio umbali unaotajwa sana kati yake na shimo la kufyonza, na huku kwetu hizo mita 30 zinavuka ploti ya jirani.

Halafu angalia mabomba ya kuingia na kutoka. Unakumbuka Mouras na mabomba yake yanayozama? Siku hizi ni kipande cha plastiki chenye umbo la herufi T, nchi 4, na mguu wake mmoja unazama chini ya ganda la mafuta. Kazi yake ni kuhakikisha kinachotoka ni maji ya katikati, si ganda. Ni kitu kidogo, duka lolote la hadwea kiko. Kikivunjika, au kama fundi wa kwanza hakukiweka kabisa, mafuta yanateleza hadi kwenye sokpiti, yanapaka kuta zake, na udongo unaziba. Udongo ukiziba kwa mafuta, eksosta haiwezi kukusaidia. Utanyonya leo, wiki ijayo kumejaa tena, utamlaani dereva wa lori na yeye hana kosa. Inabidi uchimbe sokpiti mpya, ile ya zamani ipumzike, na kwenye udongo mweusi inabidi ushuke mpaka uupite kabisa ufike kwenye murramu au mwamba uliopasuka. Kipande cha plastiki dhidi ya shimo jipya. Hapo ndipo mapuuza ya miaka 15 yanageuka kuwa bili.

Tangi letu halikuwa na T upande wa kutoka. Fundi alimulika, akanyamaza, akasema, "Kijana, hii haikuwahi kuwekwa." Tangu siku ya kwanza.

Kuhusu ule unga wa bakteria unaouzwa ati unamwaga chooni tangi linapona: bakteria unao tayari, unawapelekea kila asubuhi. Usiwaue tu kwa kumwaga Jik na dawa za kuoshea choo kama maji. Na mafuta ya kukaangia yaende kwenye takataka yakishaganda, pedi na pempasi pia.

Sasa hapa naomba usipite haraka. Usiingie kwenye tangi, na usimruhusu mtu aingie. Gesi iliyowasha taa za Exeter ndiyo hiyohiyo iko kwako, na ina mwenzake, ile ya mayai viza, ambayo ikizidi inaua pua kwanza. Unaacha kusikia harufu, unadhani imeisha, na hapo ndipo unaanguka. Kila mara habari inakuja kwa mfanano uleule: kijana wa kibarua ameshuka, amezimia, mwenzake ameshuka kumtoa, naye hajatoka, kisha wa tatu. Lori kunyonya halimalizi hiyo gesi, tope la chini likikorogwa inatoka tena. Mtu akianguka ndani, piga 999 au 112, na umshikilie kwa nguvu yule ndugu anayetaka kuruka. Kazi inayotaka mtu kushuka ni ya watu wenye vifaa vya kupumulia na kamba, hata kama kibarua amekubali kwa shilingi 1,500. Hasa kama amekubali kwa shilingi 1,500. Ile ahadi ya Moigno ilikuwa kwamba hakutakuwa tena na mtu wa kuingia shimoni usiku. Huku kwetu yupo, na hana hata jina kwenye mkataba.

Na nani analipa? Hapa historia inatusaidia kidogo, kwa njia ya kuchekesha. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya 1921. Ni sheria ya mkoloni, iliandikwa wakati mababu zetu walikuwa wakihesabiwa kama tatizo la usafi. Lakini haijafutwa, na inataja tangi la septiki kwa jina kati ya vitu vinavyohesabiwa kero vikifikia hali ya kudhuru afya. Afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kumpa mwenye ploti notisi ya kurekebisha. Juu yake kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inayotupa haki ya makazi yanayofaa na viwango vya maana vya usafi. Wapangaji wengi hawajui. Wanadhani harufu ni sehemu ya kodi.

Landilodi wetu amekubali T, hiyo ameshalipa. Shimo jipya ndilo anasema gharama yake itagawanywa kwa nyumba zote 20, kwa sababu "nyinyi ndio mnatumia choo." Tumeitwa mkutano Jumapili saa nane kwenye parking, juu ya tangi lenyewe. Mama wa nyumba namba 3, yule anayepokea ya ghorofa ya nne, amesema atakuja na picha. Mimi nakuja na Sura ya 242 kwa simu, na betri imejaa.